Pedali ya Shemeji

Siku ya Mtakatifu Nikola hapa mjini Kikinda haalikwi mtu. Anayetaka kuja anakuja tu, na mwenye nyumba hana ruhusa ya kumrudisha mlangoni, wala kugombana naye, wala hata kukaa kitako mpaka mgeni wa mwisho aage. Kutwa nzima amesimama, anamimina, anatabasamu. Kwetu kila ukoo una mtakatifu wake, na mume wangu Budimir aliachiwa huyu na baba yake pamoja na sikukuu yake, naye anaishika kwa mikono miwili. Asubuhi ananyoa ndevu, anavaa shati jeupe, anasimama sebuleni na chupa ya rakija, pombe yetu kali ya matunda, na uso wake unakuwa wa mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Ndiyo maana kaka yangu Tihomir, ambaye hakuwa ametia mguu kwetu kwa miaka mitatu, akachagua siku hiyo hiyo kuja kumtukana.

Nilimwona kupitia dirisha la jikoni akivuka uwanja, chini ya miti ambayo kila majira ya baridi hujaa bundi, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi na begi la turubai begani. Nilikuwa nakaanga samaki, nikawasahau. Nilifurahi. Kisha nikaliona lile begi vizuri, nikajua kilichomo, na furaha ikaingia doa. Mtu haji kwenye sikukuu ya mtakatifu na begi la vifaa.

Lazima nieleze ugomvi wenyewe, maana ukiusikia kijuujuu utatucheka. Hata ukiusikia wote utatucheka, lakini angalau utajua unacheka nini.

Tihomir anatengeneza pedali za gitaa. Pedali ni kiboksi cha chuma, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, kinachokaa sakafuni kati ya gitaa na spika. Ukikikanyaga, sauti safi ya gitaa inaanza kukwaruza, kama koo la mtu aliyeimba harusini mpaka asubuhi. Viboksi vya namna hii vimejaa duniani. Shida ni kwamba vingi ni viziwi. Unagusa uzi taratibu, kinakoroma. Unaupiga kwa hasira, kinakoroma vile vile. Unapunguza sauti kwenye gitaa, kinakoroma chini chini. Pedali nzuri inakufuata. Ukigusa uzi kwa upole inakuachia sauti safi, ukikaza mkono kidogo inaanza kukwaruza pembeni, ukipiga kwa nguvu zako zote inapasuka na kulia. Hayo yote bila kuinama kuzungusha kitu. Ni mkono wako tu.

Mpiga gitaa wa ukoo ni mimi. Nimepiga na bendi ya hapa mjini tangu usichana wangu, harusini, kwenye sherehe ya mavuno ya maboga, popote penye waya wa umeme. Tihomir alipoanza ufundi wake, kiboksi cha kwanza kabisa alinipa mimi, kimepakwa rangi ya kijani iliyobaki baada ya kupaka uzio wa wazazi wetu. Nilikipenda siku ile ile. Kilinisikia, sina neno lingine. Baadaye akatengeneza vingine vingi, vya manjano, vya kupendeza macho, na ndani akavimiminia gundi nyeusi ngumu ili mtu asione jinsi vifaa vilivyopangwa akauiba mpango. Nilivijaribu. Vilikoroma vizuri, lakini havikunisikia, na nilipomwambia alicheka. "Ni kitu kile kile, Vida," akasema. "Hicho cha kijani kimezoea vidole vyako tu." Hakuna mpiga gitaa asiyependa kuambiwa kwamba siri iko vidoleni mwake. Nami nilipenda, nikanyamaza.

Kisha cha kijani kikaanza kuchoka. Swichi ikawa inashika na kuachia katikati ya wimbo. Budimir, ambaye kazi yake ni kutengeneza televisheni na mashine za kufulia, aliona ninavyohangaika. Akabadilisha swichi, na alipokuwa amekifungua akakichora chote, na siku yangu ya kuzaliwa akanipa pacha wake. Ningekuwa mwanamke wa maneno machache, habari ingeishia hapo. Lakini mimi nina mdomo. Nilimsifia mume wangu kila nilipopanda jukwaani, mpiga gitaa mmoja akaomba na yeye atengenezewe, wa pili akaomba, na Budimir, ambaye hajawahi kumwambia mtu hapana, akawatengenezea kwa kubadilishana na keki na maneno mazuri.

Vuli moja, kwenye sherehe ya maboga, kijana mmoja wa mji wa Novi Sad akamwambia Tihomir mbele za watu kwamba vyake vya manjano si vibaya, ila vile vya shemeji yake ndivyo vyenye masikio. Basi ikawa kasheshe. Tihomir alimwita Budimir mwizi pale pale mbele ya jukwaa. Budimir akamjibu, "Nimekufuata wewe tu, shemeji," na Tihomir akalichukua jibu hilo kama tusi la pili. Tangu siku hiyo tukawa tunapishana sokoni kama watu tusiojuana, na kila sikukuu kiti chake mezani kwangu kikawa cha kuwekea makoti ya wageni. Mimi nina kaka mmoja. Wazazi hawapo tena. Nilitaka kaka yangu ale kwangu, hilo tu, na nilikuwa nimeanza kuzoea kwamba halitatokea. Huko kuzoea ndiko kulikoniogopesha.

Budimir akafungua mlango. Wakatazamana.

"Heri ya sikukuu, shemeji," akasema Tihomir, na hilo neno shemeji akalitoa kama anatema mwiba wa samaki.

"Asante. Karibu ndani."

Nikafika mbio na sahani ya ngano, ile ya kuchemsha iliyochanganywa na kokwa za jozi na sukari, ambayo kila anayeingia lazima aionje kabla ya lolote. Tihomir akafanya ishara ya msalaba, akachota kijiko, akameza.

"Umezidisha sukari, dada."

"Na wewe umezidisha kuchelewa."

"Sikuja kukaa mimi. Nimekuja kumaliza jambo, na nimekuja leo makusudi, maana leo huyu bwana hawezi kunifukuza wala kunijibu."

Budimir akatabasamu lile tabasamu lake la kitambulisho. "Nipe koti, shemeji. Nikumiminie rakija ya plamu au ya peasi?"

"Koti nabaki nalo. Ya plamu."

Mezani walikuwapo majirani wa pande zote mbili, na Sredoje, mpiga ngoma wa bendi yetu aliyesimamia ndoa yetu, na Shangazi Leposava, shangazi yake Budimir, ambaye umri umemla masikio lakini haujagusa ulimi.

"Nani huyu?" akauliza Shangazi.

"Kaka yake Vida," Sredoje akamwambia kwa sauti ya kutosha nyumba tatu.

"Yule aliyenuna?"

"Huyo huyo."

"Amenenepa. Kumbe kununa kunanenepesha."

Tihomir akajifanya hajasikia. Akakaa ukingoni mwa kiti, koti mwilini. Nikamwekea supu ya samaki, hakuigusa. Akapandisha begi mezani, kati ya bakuli la maharage na sinia la samaki, akatoa viboksi viwili. Kimoja cha manjano, chake, kipya. Cha pili cha chuma kitupu kisicho na rangi, na hicho nilikitambua kabla hakijatua.

"Hiki nimekiazima kwa yule kijana wa Novi Sad," akatangaza. "Sijakigusa hata kwa bisibisi, msije mkasema nimekichezea. Hapa mpo watu wazima wenye masikio yenu. Dada atapiga. Kwanza changu, halafu kopi. Kisha mniambie nani fundi na nani mwizi wa kuku."

"Kuku wa nini tena?" Shangazi akadakia. "Leo mfungo. Ni samaki tu."

Nikamtazama Budimir. Alikuwa amesimama na sinia, masikio yamemwiva.

"Piga tu, Vida," akasema. "Mgeni ameomba."

Sredoje, ambaye hajawahi kukosa sababu ya kuchangamka, alikuwa ameshalivuta gitaa langu kutoka nyuma ya televisheni na kuchomeka waya.

Nikaanza na cha manjano. Niligusa nyuzi kwa ncha za vidole, wimbo wa taratibu wa huku kwetu Banat, wa kumuaga bibi harusi. Kikakoroma. Nikakaza mkono, kikakoroma. Nikapunguza sauti kwenye gitaa nikitegemea kitasafika. Kikapungua tu, mkwaruzo ukabaki ule ule. Si kibaya, nisikionee. Kina sauti nene ya kujiamini, na mtu anayepiga kwa nguvu mwanzo hadi mwisho asingekuwa na lalamiko. Sredoje alitikisa kichwa kwa adabu, kama anavyotikisa akisikia hotuba ya meya. Lakini Tihomir hakuwaangalia wao. Aliniangalia mimi, na nikaona kwamba anaogopa. Nikaelewa kuwa miaka yote hii hakuwa na hakika.

Hapo nikapata wazo. Kopi ningeipiga kwa mkono mzito, mzito mwanzo hadi mwisho, na katika kelele hizo hakuna ambaye angetofautisha. Kaka yangu angeshinda, angevua koti, angekula. Budimir angenisamehe kabla hatujaosha vyombo. Nikakanyaga kile kiboksi cha chuma nikiwa bado sijaamua.

Nikagusa uzi wa kwanza, na vidole vikakataa kudanganya.

Noti ilitoka safi, ina ukungu kidogo tu pembeni. Nikaongeza uzito wa mkono, na mkwaruzo ukaanza kuja mwishoni mwa kila noti, pale pale nilipoutaka. Nikapiga kwa nguvu, kioo cha dirisha kikatetemeka, Shangazi akashika glasi yake. Nikapunguza sauti kwenye gitaa bila kuacha kupiga, na kikasafika, bibi harusi akawa analia peke yake chumbani. Nikarudisha, ukoo mzima ukamlilia. Kufikia hapo nilikuwa nimeshasahau kesi. Sredoje alipiga meza kwa vijiko viwili, majirani wakapiga makofi, mmoja wao akaimba, vibaya sana, nami nilikuwa nacheka huku aproni yangu inanuka mafuta ya samaki. Hakuna raha kama kusikilizwa na kitu unachokipiga.

Nilipoacha, aliyesema ni Shangazi Leposava.

"Hiki cha pili kinasikiliza," akasema. "Kile cha kwanza kinaongea peke yake. Kama marehemu mume wangu."

Nyumba ikaangua kicheko. Tihomir akawa mwekundu kuliko Budimir.

"Yaani hakimu wenu ni mtu asiyesikia?"

"Nasikia ninachokitaka, mwanangu. Kula supu."

"Ni vidole vyake hivyo!" Tihomir akanyoosha mkono kwangu. "Amekipendelea cha mumewe. Haya, tukifungue. Tuone alichoiba." Akatoa bisibisi, skrubu zikadondoka mezani, kifuniko kikatoka. Ndani kulikuwa na gundi nyeusi, imejaa mpaka ukingoni. "Mnaona? Mnaona jamani? Hadi gundi kaniibia!"

"Nitakujibu kesho, shemeji," akasema Budimir kwa upole. "Leo kula, inapoa."

"Dada, niletee mashine ya kukaushia nywele."

Nikaleta. Ningefanya nini? Gundi ile inalainika kwa joto, na kaka yangu akishaanza jambo hakuna wa kumzuia. Akaiwasha hapo hapo mezani, ikavuma juu ya maharage, nyumba ikanuka kama tairi linaloungua, na Shangazi akafunika sahani yake kwa leso. Tihomir alichokonoa gundi kwa uma, kipande kwa kipande. Kisha akavaa miwani, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa.

Halafu akaanza kucheka.

"Ameweka kinyume," akasema. "Jamani, ameweka kinyume! Njooni muone. Mnaziona punje hizi mbili za kioo, kila moja ina mstari mweusi upande mmoja? Hizi ni daiodi. Daiodi ni mlango unaofunguka upande mmoja tu. Mmoja unatakiwa utazame huku, wa pili utazame kule, ili wimbi la sauti likatwe juu na chini. Ndipo linapokwaruza. Hilo mwanafunzi wa wiki ya kwanza analijua! Huyu bwana kaziweka zote zinatazama upande mmoja. Juu kunakatwa, chini kunapita bure, kama ng'ombe waliokuta lango wazi. Ameiba, na hata kuiba hajui!"

Majirani walicheka. Kaka yangu ni mchekeshaji, hilo siwezi kumnyima. Lakini mimi nilikuwa namtazama Budimir, na usoni mwake sikuona aibu. Alishangaa, kama mtu aliyesikia padri akimtania mtakatifu. Akafungua mdomo. Akakumbuka siku, akaufunga, akaenda jikoni na sinia tupu.

Hapo hasira ikanipanda. Mwenye sikukuu ni mume wangu. Mimi sikumwahidi Mtakatifu Nikola kitu chochote.

"Tiho, nyamaza," nikasema.

Akanyamaza. Sijawahi kumwambia hivyo tangu utotoni.

"Kama Budimir amekosea," nikasema, "kwa nini hiki kiko sawa na changu?"

"Chako kipi?"

"Cha kijani. Ulichonipa wewe mwenyewe. Nimevipiga hicho na pacha wake miaka yote hii, na nikifumba macho siwezi kukwambia kipi ni kipi. Vyako vya manjano navitambua kwa noti moja. Umenisifia vidole tangu lini, Tiho? Basi ama vidole vyangu si kitu na ulikuwa unanidanganya, ama cha kijani nacho kina mlango uliogeuka."

"Haiwezekani."

"Kifungue basi."

Nilikitoa chumbani, kwenye kabati la mashuka, nikakiweka mbele yake. Hicho hakikuwa na gundi. Watu wote walisimama kumzunguka isipokuwa Shangazi, ambaye alidai ahadithiwe. Tihomir alitoa skrubu polepole. Akafungua. Akatazama. Akavua miwani, akaifuta kwa kitambaa changu cha meza, akaivaa, akatazama tena.

Punje mbili za kioo. Mistari yote miwili upande mmoja.

Sredoje akanyoosha mkono akazima mashine ya nywele, iliyokuwa bado inavuma.

"Nani amekichezea?" Tihomir akauliza kwa sauti ndogo.

"Mimi nilibadilisha swichi tu," akasema Budimir kutoka mlango wa jikoni. "Hapo kwenye daiodi sikugusa. Tazama ulehemu wake, shemeji. Ni wako. Wewe ukilehemu unaacha kijimkia kila mara."

Tihomir akatazama. Kijimkia kilikuwapo.

"Ulijua?" akauliza.

"Nilijua nini?"

"Kwamba nilikosea!"

Budimir akaweka sinia chini. Nimeishi na mtu huyu miaka mingi na ninajua anapojifanya. Hakuwa anajifanya.

"Ulikosea?" akasema. "Shemeji, mimi nilikaa na kiboksi hicho kwenye meza yangu nikakisumbua. Nilizigeuza, moja huku moja kule, kama vitabu vinavyosema. Kikafa. Nikazirudisha ulivyoziweka wewe, kikafufuka. Nikajiambia, huyu shemeji yangu ni mtu hatari. Dunia nzima inaziweka hivi, yeye kaziweka vile, halafu kanyamaza. Nilidhani ni siri yako. Nilidhani vya kuuza unavifanya vya kawaida, na kile kizuri umemwachia dada yako peke yake. Sasa watu waliponiomba niwatengenezee, ningekiachaje wazi? Mtu angefungua tu aone. Ndiyo sababu ya gundi."

"Gundi," akasema Tihomir.

"Gundi ilikuwa ya kukulinda wewe. Nilitaka siri yako isiibiwe kupitia mkononi mwangu."

Majirani walimtazama Tihomir, na nikaona nyuso zao zinabadilika. Walikuwa wanamtazama kama mtu mkubwa. Alikuwa na nafasi ya kukohoa kidogo tu na kusema naam, ilikuwa siri yangu, mmenikamata. Wangempigia makofi, na mji mzima ungejua kabla ya jioni. Mimi ni dada yake na ninampenda, na nilikuwa na hakika kabisa kwamba atasema hivyo.

Akanywa rakija yake yote.

"Nilikuwa nimelewa," akasema.

"Amesema nini?" Shangazi akauliza.

"Subiri, Shangazi."

"Ilikuwa siku kama leo," Tihomir akaendelea, akizungumza na viboksi vile. "Nusu ya mji huu ina Mtakatifu Nikola. Nimepita kwa huyu, nimepita kwa yule, kila mlango glasi, utamkatalia nani? Nikarudi karakana, nikasema ngoja nimalizie zawadi ya dada. Sikumbuki hata kulehemu. Asubuhi nikakikuta kimekwisha. Nikachomeka waya, kikalia, nikakufungia kwenye karatasi, Vida. Siri gani? Hata hiyo mistari sikuiona. Na vingine vyote nilivifanya nikiwa nina akili zangu, ndiyo maana vyote ni viziwi." Akageuka kwa Budimir. "Miaka mitatu nakuita mwizi, nawe umekaa unaulinda ulevi wangu kwa gundi."

"Amesema alikuwa amelewa," Sredoje akamwambia Shangazi.

Shangazi Leposava akafikiri. "Basi mtakatifu alimshika mkono," akasema, kana kwamba amemaliza kesi. "Mpeni samaki."

Sijui nani alianza. Nadhani ni Tihomir mwenyewe. Alicheka mabega yakiruka, Sredoje akampokea, nyumba nzima ikafuata, na jirani mmoja ikabidi atoke nje akapate hewa. Kisha nikaona kwamba kaka yangu amepita kicheko, machozi yanamtoka ya kweli, ameshika kile kiboksi cha kijani kwa mikono yote miwili. Budimir hakujua la kufanya. Akamwongezea rakija. Halafu akamwongezea tena. Halafu akamkumbatia, chupa ikiwa bado mkononi, na ikammwagikia Tihomir mgongoni.

"Koti langu!" akasema Tihomir.

"Si nilikwambia uvue?"

Akavua. Nikalichukua koti lile lililolowa nikaenda kulitundika kwenye korido, na huko nikalia peke yangu kidogo, kwa sababu mbele za watu ningechekwa.

Niliporudi alikuwa anakula. Alikula supu, akala samaki, akasema maharage hayana chumvi, akala na maharage. Katikati ya matonge alikuwa anamhoji Budimir, aliyesimama nyuma ya kiti chake na sinia.

"Ulipozigeuza kikafa vipi? Ghafla, au polepole?"

"Polepole. Ukigusa uzi kwa upole hakikutofautisha. Ukipiga kwa nguvu kinabana, hakipandi tena."

"Enhee! Kwa sababu juu na chini vyote vimekatwa, hakuna pa kupumulia. Na ukitoa moja kabisa?"

"Sijajaribu."

"Hujajaribu! Fundi mzima wewe!"

"Niliogopa kuharibu siri yako, shemeji."

"Mwangalie huyu. Dada, chuma cha kulehemu kiko wapi? Tujaribu sasa hivi."

"Mezani kwangu hamlehemu," nikasema.

Wakalehemu mezani kwangu. Sredoje aliwashikia taa. Nilipewa gitaa, nikaambiwa piga, nyamaza, piga kwa upole, sasa kwa nguvu, punguza sauti, rudisha. Walitoa daiodi moja kwenye kile cha manjano, na kile kiziwi kikanyanyua kichwa. Nilikisikia kinaamka chini ya vidole vyangu, nikapiga kelele, na wote wawili wakapiga kelele pamoja nami. Kisha wakaanza kubishana wabadilishe nini kingine, kwa sauti za juu, kila mmoja akimkata mwenzake. Kama ni kugombana, basi siku ya mtakatifu wetu ilivunjwa vibaya sana, na sidhani kama alikasirika.

Mlango ukagongwa. Budimir alikuwa ameshika waya wa kulehemu kwa mkono mmoja na kiboksi kwa mwingine, hakuweza kwenda. Nami nilikuwa nimevaa gitaa. Tihomir akainuka, mdomo bado una samaki, akachukua chupa ya rakija, akaenda kufungua. Walikuwa wale jamaa wa duka la dawa, mume na mke, watu wanaojua kila kitu cha mji huu. Walipomwona kaka yangu amesimama mlangoni mwa Budimir kwa shati tu, wakabaki pale pale kwenye ngazi, hawajui waingie au wakimbie.

"Karibuni, karibuni kwetu," akasema Tihomir. "Mwenye nyumba yuko ndani, ana kazi kidogo."